Simu Haijui Kwamba Waifai Yako Inapimwa

"Fundi, nani anakula bando langu?" Nimeulizwa hivyo Sogea, nimeulizwa Mpemba, nimeulizwa Vwawa na Mlowo, na karibu kila anayeuliza huja na jibu lake mkononi: mtandao unaiba. Kaunga GB 20 kwenye ruta Ijumaa jioni, Jumapili kabla ya ibada intaneti imekata, na anaapa kwamba nyumbani hakuna aliyefanya la maana. Wapo walioshahama kila kampuni yenye mnara mjini Tunduma, na kila walikohamia "wizi" umewafuata. Hilo peke yake lingepaswa kumfikirisha mtu. Katika kuhama kote huko, kitu pekee ambacho hakikubadilika ni nyumba yake na vifaa vilivyomo.

Uniti za LUKU zikikatika kabla ya siku zake, mama mwenye nyumba huuliza nani kapiga pasi, nani kaacha hita. Anajua kwamba umeme huliwa na kifaa. Bando nalo huliwa na kifaa, tena kifaa chenye mahali pake sebuleni au chumbani, lakini likiisha tunairuka nyumba nzima na kwenda kuilaumu kampuni. Nataka nilivunje dai hili la wizi hatua kwa hatua, kwa sababu linawapotezea watu fedha: wanabadilisha laini, wanabadilisha ruta, na kinachokula kinabaki ndani kikiendelea kula.

Kila kinachopita kwenye laini yako, kinachoingia na kinachotoka, huhesabiwa na mtambo wa kampuni. Mtambo huo haujali kama ni TikTok au mahubiri. Unahesabu ukubwa tu. Wala hausubiri umalize ndipo ukate. Hukutengea kipande cha MB mapema, kikiisha hukutengea kingine, na kisichotumika hurudishwa. Ndiyo maana salio kwenye menyu huweza kushuka kwa kuruka, na anayeliangalia mara mbili ndani ya dakika chache hushtuka. Ongeza kwamba kila pakiti hubeba anwani ya inakotoka na inakokwenda, na iliyopotea njiani hutumwa upya, hivyo faili ya MB 500 itakatwa zaidi kidogo ya MB 500. Hizo ni asilimia chache. Haziwezi kumaliza GB 20 kwa wikiendi moja.

Halafu kuna kulinganisha visivyolingana. Mtu ananionesha simu yake: tazama, mipangilio inasema nimetumia GB 3 tu, wao wamekata 20. Simu yako inahesabu simu yako. Haihesabu ya mkeo, ya dada wa kazi, ya watoto, ya mgeni aliyelala jana, wala runinga. Tena Android huweka matumizi ya laini mahali pake na ya waifai mahali pengine, na mwezi wake huanza tarehe ambayo haina uhusiano wowote na siku uliyounga kifurushi. Kuchukua namba hiyo kama ushahidi wa wizi ni kupoteza muda wa kila mtu.

Dai la wizi linapimika, na kinachonikera ni kwamba hakuna anayelipima. Tenganisha vifaa vyote na ruta, zima hata runinga ukutani. Andika salio. Iache ruta usiku kucha peke yake, asubuhi andika salio tena: ruta isiyo na kifaa hutumia kiasi kidogo mno. Kisha unganisha kompyuta moja, pakua faili unayoujua ukubwa wake, subiri kidogo, andika salio la tatu. Ukikuta faili ya MB 500 imekata GB nzima, njoo na karatasi yako, malalamiko tutayaandika pamoja.

Sisemi kampuni hazina la kujibu. Mwanzoni mwa Aprili 2021 vifurushi vipya vilipoanza na bei zikapanda, kelele za wananchi zilikuwa za haki, na bei zile zilisitishwa. Maelekezo ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ya mwaka huo yanaitaka kampuni ikutaarifu kifurushi kinapofika asilimia 75 na kinapofika asilimia 100, na isikuhamishie kwenye bei ya nje ya kifurushi bila ridhaa yako. GB zinazoyeyuka kwa sababu muda umekwisha nazo ni lalamiko la kweli, na mimi niko upande wa wanaolalamika. Lakini bei kupanda, muda kuisha na MB kuhesabiwa vibaya ni mambo matatu. Ukiyabwaga kaunta kwa pamoja kwa jina la wizi, hakuna hata moja litakaloshughulikiwa.

Na zile meseji za asilimia 75, mnasema hazifiki. Zinafika. Zinaingia kwenye laini iliyo ndani ya ruta, na ruta nyingi hazina kioo cha kusomea. Ziko kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya ujumbe, zimejazana tangu siku ulipoinunua.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana jibu liko huko. Simu, kompyuta na runinga zimetengenezwa kwa kudhani kwamba waifai haina kipimo. Kwa nyumba yenye nyaya inayolipia mwezi mzima, dhana hiyo ni sahihi. Mkongo wa Taifa unapita hapa hapa Tunduma kuelekea Zambia, lakini nyumba nyingi bado zinapata intaneti kwa ruta ya laini, na ruta ya laini inapimwa. Simu haiyajui hayo. Ikiona waifai inasema: nipo mahali pa bure. Hapo hapo WhatsApp, kwa mpangilio wake wa kiwandani, hupakua picha, sauti, video na nyaraka za kila kundi. Play Store husasisha programu zote zilizokuwa zikingoja. Google Photos hupandisha picha na video ulizopiga mchana. iPhone hupakua toleo jipya la mfumo wake, Windows nayo hufanya vivyo hivyo. Mwenye simu amelala, na kwa kweli hakufanya kitu. Kauli ya "hakuna aliyetumia" inatoka hapo, na anayeitoa hadanganyi.

Ushahidi upo, na wengi wenu mmeuona bila kujua mnachokiona. Mnaniambia GB 10 za hotspoti hudumu kuliko GB 10 za ruta. Ni kweli. Simu ya Android inapogawa hotspoti huituma pamoja na taarifa kwamba mtandao huu unapimwa, na simu nyingine za Android zikiipata hujizuia kama ziko kwenye data ya laini. Ruta nyingi hazitumi taarifa hiyo. Kampuni ni ileile na bando ni lilelile; tofauti ni kile simu ilichoambiwa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ikitiririka saa nzima ni MB 450. Video ya YouTube ya ubora wa 1080 huhitaji takriban megabiti 4, yaani GB 1.8 kwa saa. Runinga ikikaa saa tatu jioni ni GB 5.4, jioni mbili ni GB 10.8. Nusu ya zile GB 20 imeshakwenda kwa kutazama tu. Binti amerudi kutoka kicheni pati na dakika 20 za video. Simu hurekodi 1080 kwa takriban MB 130 kwa dakika, kwa hiyo kupandisha nakala yake ni GB 2.6, na kupandisha hukatwa sawa na kupakua. Mchezo mmoja wa simu ukijisasisha, kompyuta ikijisasisha, statasi na TikTok za watu wazima wanne, Jumapili imefika.

Kasi inaongeza tatizo, na hapa watu hunibishia sana. Video haina ukubwa mmoja. Mtandao ukiwa mzito ubora hushuka wenyewe, ukiwa mwepesi ubora hupanda. Aliyehama kutoka 3G kwenda ruta ya 4G au 5G anatazama vipindi vilevile kwa saa zilezile, lakini sasa runinga inachota ubora wa juu kabisa inaoweza kuupata. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba mpangilio wao wa chini hula hadi GB 0.3 kwa saa, na ubora wa juu wa kawaida hadi GB 3. Ni mara kumi, kwa filamu ileile. Kwa wafanyabiashara wa mpakani naongeza kamera za dukani: kamera inayopandisha picha mfululizo kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, hata kwa megabiti 1 tu, inakula GB 10.8 kwa siku. Weka irekodi kwenye kadi yake, uifungue unapohitaji kuitazama.

Baada ya kusikia haya mtu ananiuliza programu gani ya kubana bando aweke. Hakuna. Opera Mini ilisaidia kweli, kwa sababu matumizi mengi yalikuwa kurasa, na seva yake ya katikati iliweza kuzipunguza. Leo karibu kila kitu husafiri kikiwa kimefungwa kwa siri, na video imeshabanwa kabla haijatoka ilikohifadhiwa. Wa katikati hana cha kupunguza. Google waliizima programu yao ya kubana data, Datally, mwaka 2019 na wakaiondoa njia ya kubana data ya Chrome mwaka 2022. Waliobaki wanakuuzia VPN, yaani kuipitisha intaneti yako kwenye seva yao, ambayo huongeza ukubwa wa kila pakiti badala ya kuupunguza, na mwenye VPN anaona unakokwenda. Mfano ni Onavo, ambayo Facebook iliinunua mwaka 2013: ilijitangaza kwanza kwa kubana data na baadaye kwa kulinda faragha. Julai 2023 mahakama ya Australia ilizitoza kampuni mbili za Meta, mmiliki wa Facebook, faini kwa ajili ya Onavo, ya dola milioni 20 za Australia, kwa kutowaeleza watumiaji waziwazi kwamba taarifa zao zilikuwa zikitumika kwa biashara. Na hizo VPN za "intaneti ya bure" zinazosambazwa kwenye makundi, ziondoeni leo. Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaotumia VPN kuzitolea taarifa. Na zaidi ya hilo, wewe umempa mtu usiyemjua mlango wa simu ambayo ina pesa zako ndani.

Ya kufanya ni haya, na yanamalizika kwa jioni moja. Geuza ruta usome kibandiko cha nyuma: kuna anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na nywila. Ifungue kwa simu iliyounganishwa. Badilisha nywila zote mbili, ya waifai na ya ukurasa wenyewe. Tazama orodha ya vifaa, usichokitambua kitoe. Tafuta sehemu ya takwimu, weka kikomo cha mwezi na onyo kama ruta yako inayo. Kwenye kila Android gusa jina la waifai ya nyumbani, uchague kwamba inapimwa. Kwenye iPhone washa hali ya data kidogo kwa mtandao huo. Kwenye Windows washa kipengele cha muunganisho unaopimwa. Hatua hiyo moja, ya kuviambia vifaa kwamba waifai inapimwa, inazidi nyingine zote. WhatsApp izuie kupakua yenyewe. Runinga iweke 480, wazee hawataona tofauti na watoto watazoea. Wageni wape waifai ya wageni. Kwa wiki moja andika salio asubuhi na usiku, na uzime kifaa kimoja kila siku mpaka namba itulie.

Faiba ikifika mtaani kwako, kama ile ya TTCL, nunua kasi uachane na kuhesabu GB. Kifurushi cha laini kinachoitwa bila kikomo, uliza kwanza kiasi cha matumizi ya haki, maana kikivukwa kasi hushushwa. Dishi la Starlink, intaneti ya setilaiti, la kuvusha kutoka Nakonde upande wa Zambia msiniulize. Huduma ilianza Zambia Oktoba 2023 kwa leseni ya Zambia, na leseni hiyo haivuki mpaka. Lalamiko likibaki baada ya vipimo, anza kwa kampuni na udai namba ya kumbukumbu, kisha nenda TCRA ofisi ya kanda, Mbeya.

Limebaki moja ambalo ni letu wa mpakani. Minara ya Nakonde inafika hadi vyumbani mwetu, na laini iliyoruhusiwa roming inaweza kushika mnara wa Zambia bila wewe kuvuka. Huko kifurushi chako cha kawaida hakihusiki. Kinachokatwa ni salio la vocha, kwa bei ya roming. Dalili yake ni saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa 1, kwa hiyo simu inayojirekebisha saa yenyewe ikirudi nyuma ukiwa umekaa Majengo hapa Tunduma, laini imehamia upande wa pili. Madereva na wafanyabiashara wanaovuka kila wiki, zimeni roming mkirudi, na mchague mtandao wenyewe badala ya kuiachia simu. Kwenye ruta kitufe cha roming kiko kwenye mipangilio ya laini. Kizime jioni hiyohiyo unapobadilisha nywila.