Mpango, Kipindi au Shughuli? Istilahi za Kazi za Utamaduni katika Maktaba ya Umma

Neno maktaba latokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia kitabu, katibu na mkutubi. Si ajabu, basi, kwamba watu wengi wakilisikia huona rafu za vitabu na kibao cha kuwataka wanyamaze. Lakini kazi za maktaba ya umma ni pana zaidi. Tamko la Unesco kuhusu maktaba za umma, lililotolewa kwanza mwaka 1949, lilipoandikwa upya mwaka 1994 lilitaja hata kuendeleza mapokeo ya masimulizi kuwa miongoni mwa wajibu wake. Kusimulia watoto hadithi, kuonyesha kazi za sanaa, kuendesha mijadala, zote hizo ni kazi za maktaba, nasi hatuna budi kuziita kwa majina yasiyopotosha.

Taabu huanzia kwenye neno la Kiingereza tulilolitohoa kuwa programu. Wafasiri wengi hulitafsiri mpango. Tafsiri hiyo yafaa kwa jambo lililokusudiwa na kutengewa fedha na muda, kama ulivyokuwa Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano wa Tanzania, 1964 hadi 1969. Lakini tuchukue tangazo la namna hii, limebandikwa mlangoni: "Maktaba ina mpango wa kuwasimulia watoto hadithi kila Jumamosi." Mzazi alisomapo ataelewa kwamba jambo hilo bado ni nia tu. Atarudi na mwanawe nyumbani kungoja siku mpango utakapotimia, na huku msimulizi yumo ndani anasubiri wasikilizaji. Tunapendekeza kipindi. Neno hili hubeba muda wenye mwanzo na mwisho. Mwanafunzi alijua darasani, na kila mtu hulisikia redioni. Vipindi vyote kwa jumla viitwe shughuli, na karatasi ya siku na saa zake ibaki ratiba. Programu yenyewe hatuikatai, ila siku hizi imekwisha kuhodhiwa na mafundi wa kompyuta.

Jumuiya ni ushirika wenye wanachama, na aghalabu katiba au mkataba, mfano Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jamii ni watu waishio pamoja, wawe wamejiandikisha au la. Anayeandika "shughuli za jumuiya" aweza kumfanya jirani wa maktaba adhani kwamba hana budi kwanza kulipa ada. Utamaduni hauna tatizo, mradi mwandishi wa tangazo asilifanye neno hilo kuwa jina jingine la ngoma.

Linalotusumbua zaidi ni msomaji. Fomu yenye safu moja tu ya "idadi ya wasomaji" haina mahali pa kumwandika bibi asiyejua kusoma aliyekuja kusimulia, wala watoto waliomsikiliza bila kufungua kitabu. Afisa wa bajeti akiipokea ataona chumba kilikuwa kitupu, na fedha za mwaka ujao atazipunguza bila kumwonea mtu. Msomaji abaki jina la asomaye. Aazimaye kitabu aitwe mwazimaji (na maktaba mwazimishaji, kwa kuwa kuazima hutumika kwa mtoaji na mpokeaji pia). Ahudhuriaye kipindi awe mhudhuriaji. Na wote pamoja, watumiaji. Fomu ziwe na safu ya kila mmoja, na katika jumla ya watumiaji mtu mmoja asihesabiwe mara mbili.