Je, Wajua? Chewa Nao Wana Arusi

Chewa wa Nassau, samaki wa miamba ya Karibiani, huishi kila mmoja kivyake. Lakini mwezi ukipevuka katika majira ya baridi, husafiri, wengine makumi ya kilomita, wakakutane palepale pa kila mwaka kutaga mayai. Mvuvi akishapajua hapo, hana haja ya bahati! Mwaka 2001 wavuvi waligundua mkusanyiko kama huo karibu na kisiwa cha Little Cayman. Kwa misimu miwili tu, chewa wapatao 4,000 wakaishia ndoanoni. Mwaka 2003 uvuvi ukapigwa marufuku mahali hapo. Chewa hukomaa polepole, hivyo miaka ya mwanzo idadi haikupanda sana. Kufikia 2018 walikuwa takriban 7,000.