Kivuli kwa Kipimo: Somo la Kakao ya Kyela kwa Vitalu vya Mikarafuu



Hakuna mkulima wa karafuu asiyeijua hasara hii. Miche imeota vizuri kitaluni, majani yanang'aa, imepelekwa shamba na kupandwa kwa taratibu zote. Baada ya wiki mbili imekauka kana kwamba imepitiwa na moto. Mmoja atasema udongo ni mbaya, mwingine atasema mchwa. Lakini mara nyingi mwenye kosa ni jua. Mche uliolelewa kivulini umetolewa ukawekwa juani siku moja, wala haukupewa nafasi ya kuzoea. Na kwa kuwa mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kutoa mavuno, mche mmoja uliokufa humrudisha nyuma mwenye shamba mwaka mzima.

Kwa sababu hiyo twaona yafaa tueleze habari za wakulima wenzetu wa bara, ambao kazi yao yote imesimama juu ya kivuli. Nao ni wakulima wa kakao wa Kyela.

Wilaya ya Kyela iko mkoa wa Mbeya, kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Upande wa mashariki imesimama Safu ya Livingstone, na kaskazini iko milima ya Rungwe. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka huko juu na kumwaga maji yake ziwani. Mvua ya mwaka hupata milimita 2,000, na mahali pengine hukaribia 3,000. Wengi wetu twaijua Kyela kwa mchele wake, lakini wilaya hiyo ndiyo itoayo sehemu kubwa ya kakao yote ya Tanzania.

Mtu akiingia katika shamba la kakao la huko, kwanza hataona shamba. Ataona migomba, miparachichi, miembe, minazi na michikichi, na chini yake ndiyo mikakao yenyewe. Mgeni aweza kudhani mwenye shamba ni mvivu wa kufyeka. Sivyo. Asili ya mkakao ni misitu ya Amazon huko Amerika ya Kusini, nao ni mti mdogo uotao chini ya miti mikubwa. Wataalamu wamepima wakaona kwamba jani moja la mkakao hutosheka na kama robo tu ya mwanga wa jua kali la saa sita mchana. Ukilizidishia, halitengenezi chakula zaidi. Hupata joto, hupoteza maji, na likiwa bado changa huungua.

Kwa hiyo mkulima mwema hupanda migomba kwanza, miezi kadhaa kabla ya kupanda kakao. Mche ukiingia shambani huikuta nyumba yake imekwisha ezekwa. Wakati wa uchanga hupewa kivuli kizito, hata kufikia sehemu saba katika kumi. Kadiri mti ukuavyo, migomba hupunguzwa, na miti mirefu ya kudumu hushika kazi. Mkakao mzima hutosheka na kivuli cha sehemu tatu au nne katika kumi. Migomba nayo humpa mwenye shamba chakula wakati kakao haijaanza kuzaa.

Hapa msomaji mwerevu atauliza: ikiwa mwanga ndio unaotengeneza chakula cha mti, kwa nini tusiondoe kivuli chote mti ukishakomaa, tupate mavuno makubwa? Swali hilo liliulizwa zamani. Mwaka 1956, huko Tafo katika nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, watafiti walianza jaribio kubwa. Sehemu moja ya mikakao iliachiwa kivuli, nyingine ikaondolewa. Na katika kila sehemu mingine ilitiwa mbolea na mingine ikaachwa bila mbolea. Miaka ya kwanza mikakao iliyokaa juani na kupewa mbolea iliishinda mingine yote kwa mbali sana. Ndivyo ilivyo, kwani mti mzima una majani juu ya majani, na yale ya chini hupata faida mwanga ukizidi. Lakini baada ya miaka kama kumi ya kuzaa kwa nguvu, mavuno yake yakaanza kushuka. Miti ilikuwa imejichosha. Ile ya kivulini ilizaa kidogo, lakini ilidumu.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 1924 au 2024, bei ikipanda mkulima hushikwa na tamaa ile ile. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilipita dola 10,000 kwa tani, bei ambayo haikupata kuonekana kabla yake. Na mwaka 2025 ikashuka tena kwa kiasi kikubwa. Mtu aliyekata miparachichi yake kwa sababu ya bei ya mwaka mmoja hawezi kuirudisha bei ikianguka.

Hata hivyo kivuli kikizidi nacho ni adui. Katika nchi yenye mvua kama Kyela, shamba lililofungana halikauki. Hapo huingia ugonjwa wa kuoza matunda, ambao hulifanya tunda la kakao kuwa jeusi mtini. Dawa yake ya kwanza ni panga: kupogoa matawi kabla ya mvua kubwa, ili upepo upite na mwanga ushuke.

Sasa tutazame vitalu. Siku hizi katika nchi nyingi watu hulima mboga na maua ndani ya vitalu nyumba vya kioo au nailoni, na kutumia neti za kivuli. Neti nyeusi hupunguza mwanga wa kila rangi kwa kiasi kile kile. Ziko neti nyekundu, za buluu na za rangi ya lulu, ambazo hubadili aina ya mwanga unaofika kwenye mmea. Nyingine huutawanya ili uingie mpaka majani ya chini. Haya yote ni kumtafutia mmea mwanga wa kiasi na wa namna imfaayo.

Kutokana na elimu hiyo twapata jambo moja kubwa la kutufaa. Mwanga wa jua una rangi nyingi. Jani bichi hula mwanga mwekundu na wa buluu, na huacha upite ule ambao halina haja nao. Basi mche uliowekwa chini ya mwembe mzito hupata masazo. Huhisi kwamba umefunikwa na mmea mwingine, nao hukimbilia juu kutafuta jua: hurefuka, huwa mwembamba, na shina lake halina nguvu. Makuti makavu hayana tabia hiyo, wala neti nyeusi. Huzuia sehemu ya jua, na lile linalopita ni jua kamili. Kwa hiyo wazee wetu walioezeka vitalu kwa makuti walifanya jambo la akili.

Twawashauri wanachama hivi:

Kwanza, kitalu kisiwe chini ya mti wenye majani mazito. Kijengewe dari ya makuti au neti, na upande wa mashariki uwe juu kuliko wa magharibi, ili miche ipate jua la asubuhi na kukingwa na la mchana.

Pili, pima kivuli. Chukua kamba ya futi 50, ipige fundo kila futi, upate mafundo 50. Saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, itandaze kitaluni na uhesabu mafundo yaliyopigwa na jua. Zidisha kwa mbili. Ukipata 30, ujue kwamba sehemu 30 katika 100 zina jua, na kivuli ni 70.

Tatu, punguza makuti kidogo kidogo kwa muda wa wiki nne mpaka sita kabla ya kuhamisha miche. Siku ya kuihamisha iwe imekwisha zoea jua.

Nne, pandeni mvua ikiwa imeshika, na shambani kila mche upate mgomba au muhogo wa kuukinga, au japo kuti lililochomekwa upande wa magharibi. Mche ukishika, kinga hiyo ipunguzwe.

Hesabu za kakao si hesabu za mkarafuu, kwani mkarafuu mzima hupenda jua. Lakini uchanga wa miti hii miwili unafanana. Kamba ya mafundo haina gharama. Mwenye kitalu na aitandaze wiki hii, kabla hajaondoa kuti hata moja.