Kichwa cha Medusa na Suala la Utendaji: Kisasili cha Kigiriki katika Riwaya ya Vijana na kwenye Skrini

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kisasili cha Medusa kutoka kwa watunzi wa kale hadi riwaya ya Rick Riordan, The Lightning Thief (2005), filamu iliyotokana nayo (2010) na tamthilia ya televisheni iliyoanza kuoneshwa Desemba 2023. Hoja kuu ni kwamba kigezo cha uaminifu kwa matini chanzi hakitoshi kueleza mabadiliko yaliyotokea. Swali lenye tija zaidi ni nani anayepewa sauti na nani anayepewa uwezo wa kutenda. Uchanganuzi unaonesha kwamba tamthilia imempa Medusa sauti, lakini, kama ilivyofanya filamu kabla yake, imemnyang'anya mama wa shujaa tendo lake kuu.

1.0 Utangulizi

Mfululizo wa Percy Jackson and the Olympians una riwaya tano za awali, zilizochapishwa kati ya mwaka 2005 na 2009. Mhusika mkuu na msimulizi wake, Percy, ni mvulana wa Marekani mwenye umri wa miaka kumi na miwili anayegundua kwamba baba yake ni Poseidon, mungu wa bahari. Jina lake ni ufupisho wa Perseus, shujaa aliyemkata Medusa kichwa.

Mijadala ya wasomaji kuhusu kazi hizi zinapohamia kwenye skrini huelekea kuwa orodha ya makosa: umri wa Percy uliongezwa katika filamu, Kronos akaachwa, na kadhalika. Linda Hutcheon, katika A Theory of Adaptation (2006), anapinga mkabala huo kwa kuonesha kwamba kuhawilisha kazi ni kuirudia bila kuinakili. Katika visasili hoja hiyo ina uzito wa ziada, kwa kuwa chanzo chenyewe si kimoja.

2.0 Medusa wa Kale

Katika Theogony ya Hesiod, yapata mwaka 700 KK, Medusa ni mmoja wa Gorgon watatu, na ndiye pekee kati yao anayeweza kufa. Poseidon analala naye katika konde lenye maua. Hapatajwi kosa wala adhabu. Perseus anapomkata kichwa, farasi Pegasus na Chrysaor wanachomoza.

Ovid, mshairi wa Kirumi wa mwanzoni mwa karne ya kwanza BK, anasimulia vingine katika Metamorphoses. Hapa Medusa alikuwa msichana mrembo aliyesifika kwa nywele zake. Mungu wa bahari alimnajisi ndani ya hekalu la Minerva, ambaye kwa Wagiriki ni Athena. Minerva hakumwadhibu mtenda. Alizigeuza nywele za mtendwa kuwa nyoka.

Maandishi ya tatu ni Bibliotheca inayohusishwa na jina la Apollodorus. Umuhimu wake kwetu ni tukio linalofuata kifo cha Medusa. Polydectes, mfalme wa Seriphos, anamwandama Danae, mama yake Perseus, kwa mabavu. Perseus anarudi na kichwa cha Medusa na kumgeuza mfalme huyo kuwa jiwe. Mama anaokolewa, lakini anayetenda ni mwana.

Basi mwandishi wa leo amwandike Medusa yupi? Akimfuata Hesiod amemwacha Ovid. Msomaji anayefahamu visa vya Fumo Liyongo, vilivyosimuliwa kwa njia nyingi kabla na baada ya utenzi wa Muhammad Kijumwa, hatalishangaa jambo hili. Katika kisasili, kuchagua toleo ni tendo la kwanza la ufasiri.

3.0 Riwaya: Tendo Linahamia kwa Mama

Riordan anamweka Medusa katika duka la sanamu za bustani huko New Jersey, akijiita Shangazi Em. Toleo alilolichagua limelainishwa: Medusa na Poseidon walikuwa wapenzi waliokutana katika hekalu la Athena, na kwa kosa hilo Athena akamgeuza. Unajisi uliomo katika Ovid umeondolewa, uamuzi unaoeleweka kwa kuzingatia umri wa hadhira. Lakini uamuzi huo una gharama, kwani adhabu sasa inaonekana kama malipo ya utovu wa adabu. Aidha, kwa kuwa usimulizi ni wa nafsi ya kwanza, malalamiko ya Medusa yanatufikia kupitia masikio ya mvulana aliyelewa chakula na usingizi.

Ubunifu mkubwa zaidi umo mwishoni. Sally, mama yake Percy, ameolewa na Gabe, mlevi anayempiga. Gabe ndiye Polydectes wa riwaya hii. Kichwa cha Medusa kinarudi nyumbani na Percy yuko tayari kukitumia, kama Perseus alivyofanya. Sally anakataa. Maisha ni yake, na hatua lazima iwe yake. Percy anamwachia kichwa na kuondoka. Baadaye tunaelewa kwamba Gabe ametoweka na kwamba Sally ameuza sanamu, akapata fedha za nyumba na karo ya chuo kikuu. Kwa mara ya kwanza katika mnyororo tunaouchunguza, Danae anajiokoa mwenyewe.

4.0 Skrini: Sauti Yapatikana, Tendo Lapotea

Filamu ya 2010, iliyoongozwa na Chris Columbus, haishughulikii sana historia ya Medusa. Uma Thurman anamwigiza kama mtongozaji hatari. Ngao ya kale inayoakisi, ambayo katika riwaya imekuwa tufe la kioo, hapa ni mgongo wa kifaa cha kuchezea muziki. Mwishoni Gabe anafungua friji licha ya onyo lililobandikwa, anakiona kichwa na kuwa jiwe.

Tamthilia, ambayo Riordan mwenyewe ni mmoja wa waasisi wake, inachukua njia nyingine. Mapema katika msimu wa kwanza, Sally anamwonesha mwanawe sanamu ya Perseus na kumfundisha kwamba si kila anayeonekana shujaa ni shujaa, wala si kila anayeonekana zimwi ni zimwi. Medusa, anayeigizwa na Jessica Parker Kennedy, anawakaribisha watoto mezani na kuwaeleza dhuluma aliyotendewa. Kamera haina ulevi wa Percy. Inamtazama Medusa moja kwa moja na kumwacha aseme. Kivuli cha Ovid kimerudi.

Hata hivyo, mwishoni Gabe anafungua mwenyewe kifurushi kisicho chake na kugeuka jiwe. Sababu zinaweza kukisiwa. Gabe wa tamthilia ni mtu wa kuudhi zaidi kuliko kutisha, hivyo kuuawa kwake na mkewe kungeonekana kuvuka mpaka. Tena, mama muuaji ni picha nzito kwa tamthilia ya familia. Lakini matokeo yanabaki: katika Apollodorus alitenda mwana, katika riwaya akatenda mama, na kwenye skrini, mara zote mbili, hakuna aliyetenda. Dhalimu ameangamizwa na udadisi wake.

5.0 Hitimisho

Kigezo cha uaminifu kingeipa tamthilia alama nyingi, kwa kuwa iko karibu zaidi na riwaya na mwandishi ameishiriki. Kigezo hicho hakioni kwamba mwanamke mmoja ameruhusiwa kusema wakati mwingine amezuiwa kutenda. Mwalimu anayefundisha uhawilishaji wa fasihi anaweza kuanza na maswali matatu: ni toleo gani la kisasili lililochaguliwa, nani anasema, na mkono wa nani unashika silaha. Katika kisa hiki silaha ni kichwa cha mwanamke aliyedhulumiwa. Riordan wa 2005 aliikabidhi kwa mwanamke mwingine aliyedhulumiwa, naye akajua la kufanya. Mnyororo huo kati ya wanawake wawili ndio ambao skrini bado haijauonesha.