Mtoto wa shule akishikwa na polisi, au akichapwa kupita kiasi: sheria inasemaje?

Kijana wa kidato cha pili anatoka shule, amevaa sare, begi mgongoni. Njiani mgambo wanamsimamisha: kuna simu imepotea dukani na mtu kasema alimwona karibu na pale. Kufika magharibi yuko kituoni. Mama yake anapata habari saa mbili usiku kwa jirani, na anakaa hadi asubuhi kwa sababu anaamini mzazi hana la kufanya mpaka polisi wamwite.

Mambo ya namna hii tunayasikia kutoka Muheza, Pangani, Mkinga, hata mjini Tanga kwenyewe. Kosa la mama yule ni lile la kusubiri asubuhi, maana sheria haimtaki asubiri.

Tuanze na nani ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Hata akiwa na ndevu, hata akiwa mrefu kuliko baba yake. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai kabisa. Aliye kati ya miaka 10 na 12 hashtakiwi mpaka ithibitishwe kwamba alielewa analolifanya ni kosa.

Kwa hiyo umri ndio ufunguo, na hapa ndipo wengi wetu tunakwama. Polisi anamwona kijana mwenye kifua, aliyezoea kuvuta nyavu, anaandika miaka 19. Mzazi anafika mikono mitupu na kubishana kwa maneno. Tunawashauri jambo dogo sana: pigeni picha cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, au kadi ya kliniki kama cheti hakijapatikana, muihifadhi kwenye simu. Picha haichukui nafasi ya cheti chenyewe mahakamani, lakini usiku kituoni inatosha kuanzisha mazungumzo. Asubuhi unaleta karatasi.

Mtoto akiwa chini ya ulinzi, polisi wanatakiwa kumjulisha mzazi au mlezi mara moja, pamoja na kosa analotuhumiwa. Hilo halibadiliki kwa sababu amechukuliwa darasani badala ya barabarani. Mwalimu mkuu naye anafanya vyema kumpigia mzazi kabla gari halijaondoka. Mgambo au raia aliyemkamata mtoto hana ruhusa ya kumfungia ofisi ya kijiji hadi "tukae kikao". Anapaswa kumkabidhi polisi bila kuchelewa.

Mtoto ana haki ya kuambiwa kwa nini amekamatwa, na ya kunyamaza asipotaka kujibu. Ana haki pia ya kuwasiliana na ndugu au wakili. Maelezo yake yakiandikwa, asomewe kabla ya kusaini, na kama kuna sentensi hakuisema aombe irekebishwe. Msichana apekuliwe na mwanamke. Na hawekwi chumba kimoja na watu wazima: sheria inataka watoto watenganishwe nao wakiwa kituoni. Kwenye vituo vidogo vyenye chumba kimoja tu hili linasumbua, tunalijua, lakini ufinyu wa chumba si sababu ya kumlaza mtoto na wahalifu. Mkuu wa kituo ana njia nyingine. Anaweza kumwachia kwa dhamana ya mzazi, na isipokuwa kwa makosa mazito kama mauaji, ndivyo sheria inavyomwelekeza pale mtoto anaposhindikana kufikishwa mahakamani mara moja. Dhamana ya polisi haina malipo. Ukiombwa "ya mafuta" au "ya karatasi", omba risiti ya serikali, uone jibu.

Kesi ikifika mahakamani, ni Mahakama ya Watoto, isiyo wazi kwa kila mtu. Mzazi anakuwepo, na ofisa ustawi wa jamii pia. Mtoto hahukumiwi kifungo cha jela. Anaweza kuachiwa kwa masharti, au kupelekwa shule ya maadilisho iliyoko Irambo, Mbeya. Akinyimwa dhamana, mahali pake pa kungojea kesi ni mahabusu ya watoto, na mkoa wetu una bahati ya kuwa nayo moja Tanga. Mikoa mingi haina.

Sasa shuleni. Hapa lazima tuseme ukweli ambao wengine hawaupendi: viboko Tanzania Bara bado ni halali. Wenzetu wa ng'ambo ya Horohoro waliviondoa mashuleni mwaka 2001, sisi bado. Lakini kanuni zetu za mwaka 2002 zimeweka mipaka, na ukizisoma utagundua kuwa mengi tuliyoyazoea yako nje yake. Visizidi vinne. Mwenye mamlaka ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, na fimbo nyepesi itue mkononi au kwenye makalio yaliyovikwa nguo. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Kila adhabu iandikwe kwenye daftari: jina, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa.

Bomba la maji, waya, teke, kofi la uso, kuchapa darasa zima kwa kufeli hesabu: hayo hayamo. Mwezi Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano huko Bukoba alifariki baada ya kipigo cha mwalimu, na kesi ilifika Mahakama Kuu.

Mtoto akiumizwa, nenda shuleni uombe kuonyeshwa lile daftari. Swali hilo moja, ukiuliza kwa heshima, linafanya kazi kuliko kelele. Kama kuna jeraha, chukua fomu ya polisi namba 3, maarufu PF3, kisha hospitali. Hali ikiwa mbaya, hospitali kwanza. Kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto.

Kuhusu wasichana wanaopata mimba: tangu waraka wa Novemba 2021, wana nafasi ya kurudi shule baada ya kujifungua. Bado tunakutana na wazazi wanaoambiwa "shule imeisha", na wanaamini. Kwa aliyempa mwanafunzi mimba au kumuoa, Sheria ya Elimu, baada ya marekebisho ya 2016, inataja kifungo cha miaka 30. Kumalizana nyumbani kwa ng'ombe wawili na pole si njia ya kisheria, na mjumbe anayesimamia kikao hicho ajue hivyo.

Msaada upo karibu: wasaidizi wa kisheria kwenye kata nyingi hutoa ushauri bure, na ofisa ustawi wa jamii yuko halmashauri. Namba ya simu ya mtoto ni 116. Haikati salio, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe.