Lubumbashi: Tangi tupu la lori, hatari kwa fundi wa kuchomelea

Malori ya shaba na kobalti yanayopita kati ya Kolwezi, Lubumbashi na Kasumbalesa huingia garaji yakiwa na matangi yaliyotoboka. Dereva ana haraka, mafuta yamemwagwa, fundi anawasha moto wa kuchomelea. Hapo ndipo kifo kinapokaribia: tangi tupu hubaki na mvuke wa mafuta, na ukichanganyika na hewa, cheche moja yatosha kulilipua.

Kulifuta kwa kitambaa au kuliacha juani hakutoshi. Lazima lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, lipitishwe hewa, kisha lipimwe gesi kabla ya kazi kuanza.

Hatari nyingine huchelewa kujulikana. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho, lakini maumivu huanza saa kadhaa baadaye, kama mchanga machoni. Msaidizi anayeshikilia chuma bila miwani huumia pia.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi. Lakini katika magaraji madogo, kijana anayejifunza kazi mara nyingi hana mkataba. Akiungua, familia yake ndiyo inayolipa hospitali.