Nondo Mdogo Alaye Mahindi Ghalani

Mkulima afunguapo ghala lake jioni, pengine huona nondo wadogo wa rangi ya nyasi kavu wakiruka huku na huku. Wengi huwapungia mkono tu, wakidhani ni wadudu wafuatao taa. Kumbe ni dalili kwamba akiba ya nyumba inaliwa.

Nondo huyu, ambaye wataalamu humwita Sitotroga cerealella, akikunjua mabawa yake hayazidi milimita 18. Mabawa ya mbele ni ya manjano iliyofifia. Ya nyuma ni ya kijivu, yamezungukwa na nywele ndefu, na ncha yake imechongoka kama kidole. Hiyo ndiyo alama ya kumtambua.

Yafaa ieleweke kwamba nondo mwenyewe hali nafaka. Huishi siku chache, hutaga mayai penye punje, kisha hufa. Mwenye kuharibu ni kiwavi wake mweupe, ambaye hutoboa punje akaingia na kula kiini pasipo kuonekana. Akikaribia kugeuka, hukata duara ndani ya punje, akaacha ngozi nyembamba mfano wa kidirisha. Nondo mpya hukisukuma akatoka. Basi punje yenye tundu la mviringo imekwisha kuliwa, na isiyo na tundu huenda ikawa na mgeni ndani. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Msiba huu si wa Afrika peke yake. Huko Ufaransa, nondo huyu aliharibu sana nafaka ya jimbo la Angoumois, na mwaka 1762 wataalamu Duhamel du Monceau na Tillet walitoa kitabu juu yake.

Je, mkulima afanyeje? Mayai huanza kutagwa shambani, mahindi yangali juu ya mabua. Kwa hiyo, yakisha kukomaa yavunwe bila kukawia, yakaanikwe vizuri. Kisha yapukuchuliwe, kwa maana nondo hawezi kupenya ndani ya lundo la punje. Hushambulia za juu tu. Ghala lifagiliwe, wala mahindi mapya yasichanganywe na ya zamani. Yaliyokauka sawasawa yakitiwa katika chombo kisichopitisha hewa, wadudu waliomo hufa kwa kukosa pumzi.

Kazi hiyo ni ya siku chache, lakini chakula kinachookolewa ni cha miezi mingi.